Kurekebisha Kimo na Ulaini wa Pikapu Iliyoinuliwa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu akishafunga springi ndefu na shokapu mpya kwenye pikapu yake, wiki haiishi kabla hajaanza kuuliza maswali yaleyale: kwa nini upande mmoja umelala, kwa nini gari limekuwa gumu kama mkokoteni, kwa nini linatangatanga barabarani, na je, akiizungusha ile nati kubwa ya koilova (springi iliyovishwa juu ya shokapu) gari litalainika? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inapaswa kufuata, kwa sababu mara nyingi kosa haliko katika kuzungusha nati, bali katika kuizungusha kabla ya wakati wake.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kugusa spana. Kimo na ulaini ni mambo mawili tofauti, na wengi hulirekebisha la kwanza wakidhani wanalirekebisha la pili. Kimo huamuliwa na springi na mahali inapokalia. Ulaini huamuliwa na ugumu wa springi yenyewe, shokapu, upepo wa matairi, na nafasi iliyobaki kwa gurudumu kupanda na kushuka. Springi ya koili ya kawaida ambayo hubonyea milimita 10 kwa uzito fulani itaendelea kubonyea milimita 10 kwa uzito uleule, hata ukiikandamiza kwa sahani yake, yaani ile nati kubwa inayoikalia, au ukiiachia. Gari lililoinuliwa kupita kiasi huhisi gumu kwa sababu gurudumu limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, hivyo likifika kwenye shimo linaning'inia hadi mwisho na kugota kwa kishindo.

Tambua kwanza umebeba mfumo gani

Ingia chini ya gari, likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uangalie. Mbele utakuta mojawapo ya mifumo mitatu. Wa kwanza ni koilova, yaani koili iliyovishwa juu ya shokapu, ambayo ndiyo ya kawaida katika pikapu nyingi za sasa. Toyota Hilux, kwa mfano, ilihamia huko katika toleo lililoanza kuuzwa miaka ya 2004 na 2005. Wa pili ni tosheni baa, ile fimbo ndefu ya chuma inayolala sambamba na chesi na kufanya kazi kwa kusokotwa, ambayo utaikuta katika Hilux nyingi za zamani zenye magurudumu manne ya kuendesha, Isuzu D-Max za toleo la kwanza, na pikapu nyingi za mizigo mizito za Chevrolet. Wa tatu ni ekseli nzima yenye koili zilizosimama peke yake, kama ilivyo katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 tangu 1999. Nyuma, pikapu nyingi bado zinatumia springi za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti, bolti zenye umbo la U.

Angalia pia gari liliinuliwa kwa njia gani. Kama mbele kumewekwa spesa tu, yaani kipande cha kuongeza unene, juu ya shokapu ya kiwandani, hakuna cha kurekebisha hapo: kimo ni unene wa spesa, basi. Usipoteze mchana mzima ukitafuta nati ambayo haipo.

Vitu vya kuandaa

Utahitaji sehemu tambarare ya sakafu ngumu, jeki yenye uwezo wa kutosha kwa uzito wa gari, stendi nne za kuegemezea, vigingi vya kuzuia magurudumu, tepu ya kupimia yenye milimita, kalamu ya rangi ya kuwekea alama kwenye chuma, brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, grisi, seti ya spana na soketi, spana maalumu za kuzungushia sahani za koilova, na spana ya toki kwa ajili ya kukazia kwa kipimo. Kipimio cha upepo wa matairi ni lazima. Kipima pembe ni kizuri kuwa nacho, na hata kile kilichomo kwenye simu kinatosha kwa kulinganisha hali ya kabla na ya baada. Mwisho, daftari na kalamu. Anayetegemea kumbukumbu atafika mzunguko wa tatu akiwa hajui tena alianzia wapi.

Kitabu cha gari na karatasi iliyokuja na seti ya kuinulia viwe mkononi pia, kwa maana vipimo vya kukazia bolti hutofautiana kati ya gari na gari, na vipimo vya kukisia katika sehemu hizi ndivyo vinavyofanya watu waache ekseli barabarani.

Tahadhari zisizojadiliwa

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika ya kuchungulia. Usiifungue nati ya katikati iliyo juu ya koilova ikiwa bado imefungwa kwenye gari au kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake maalumu. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyokandamizwa isiruke, na ikiruka haichagui pa kupiga. Nati tatu au nne za pembeni ndizo zinazoishika koilova kwenye chesi, na hizo ni kazi nyingine. Tosheni baa nayo imehifadhi nguvu hata gurudumu likiwa linaning'inia, kwa hiyo usiitoe bolti yake ya kurekebishia hadi mwisho bila kifaa cha kuipunguzia nguvu.

Hatua

1. Sawazisha upepo wa matairi. Weka kiwango kinachofaa kwa matairi uliyonayo sasa, sio yale yaliyokuja na gari, ukipime matairi yakiwa baridi. Matairi yaliyotengenezwa kwa mizigo mizito yana kuta ngumu, na yakijazwa hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni huku gari likiwa tupu, yatapitisha kila kokoto hadi kwenye kiti. Nimeona watu wakinunua shokapu mpya kwa tatizo ambalo lilikuwa la kipimio cha upepo.

2. Pakia gari jinsi unavyolitumia. Kama bampa ya chuma, winchi, hema la juu au sanduku la vifaa hukaa humo kila siku, viwemo wakati wa kupima. Jaza tangi, au walau kumbuka kiwango cha mafuta kilichokuwamo ili urudie kilekile. Hapa ndipo pia uulize swali ambalo muuzaji wa springi alipaswa kukuuliza: je, springi hizi ziliundwa kubeba kiasi gani cha mzigo wa kudumu? Seti nyingi huuzwa kwa madaraja, gari tupu, mzigo wa wastani, na mzigo mzito wa kila siku, na mtu aliyechukua springi za kilo 300 za kudumu kisha akaendesha kitanda cha mizigo kikiwa kitupu atahangaika na shokapu maisha yake yote bila kupata ulaini. Dawa ya hali hiyo ni kubadilisha springi.

3. Pima kimo kwa njia sahihi. Liendeshe gari mbele na nyuma mita chache, usimame polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, ulitikise kila kona mara mbili tatu kwa mikono, kisha liache litulie. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake moja kwa moja. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa ukipima hivyo unaingiza na tairi katika hesabu, na tairi moja lenye upepo pungufu litakudanganya. Rudia upimaji huo mara tatu, ukiendesha mbele na nyuma kila mara. Vipimo vikitofautiana kwa milimita tatu au nne ni kawaida. Vikitofautiana kwa kumi, sakafu yako haijakaa sawa au kuna bushi (mpira wa kwenye maungio) inayokwama. Geuza gari lielekee upande wa pili, upime tena. Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika siku nzima na pikapu iliyokuwa imelala kulia, hadi nilipoigeuza na ikalala kushoto: kilichokuwa kimelala ni sakafu.

Andika namba nne namna hii: mbele kushoto 530, mbele kulia 518, nyuma kushoto 560, nyuma kulia 558. Namba hizo zitatufaa mbele kidogo kama mfano.

4. Amua kimo unachokitaka kabla ya kukigusa. Pikapu huundwa nyuma ikiwa juu kidogo kuliko mbele ili ikipakiwa ikae sawa. Anayependa gari lililolala tambarare kabisa likiwa tupu anakubali kwamba likibeba litainua pua, na taa zake zitawamulika wenzake machoni. Mimi huacha nyuma ikizidi kwa sentimita moja hadi mbili na nusu. Kumbuka kwamba umbali wa kitovu hadi madigadi hautoshi kulinganisha mbele na nyuma, kwa sababu kingo za madigadi hazikatwi kwa kimo kimoja. Kwa ulinganisho huo, pima kutoka ardhini hadi chini ya chesi, mbele na nyuma.

5. Rekebisha mbele kulingana na mfumo wako.

Kwa koilova: inua gari kwenye chesi, liweke juu ya stendi, na uache magurudumu yaning'inie ili springi ipunguziwe nguvu. Safisha nyuzi za shokapu kwa brashi ya waya hadi ziwe kavu na zisizo na mchanga, kisha zipake mafuta. Hatua hii ya usafi hurukwa na kila mwenye haraka, na matokeo yake ni sahani ya aluminiamu iliyokwama nusu ya njia na nyuzi zilizokatika. Weka alama ya rangi kwenye sahani na kwenye springi, legeza bolti ndogo au nati ya kufungia, kisha zungusha.

Sasa hesabu. Koilova haisimami kwenye gurudumu. Imekaa ndani zaidi, kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na chesi, na kwa hiyo kila milimita unayoikandamiza huzaa zaidi ya milimita moja kwenye madigadi. Uwiano hutofautiana kati ya gari na gari, lakini utaupata kwa jaribio moja: sogeza sahani milimita 5 kamili, shusha gari, litulize kama katika hatua ya 3, upime. Tuseme madigadi yamepanda milimita 8 au 9. Basi katika mfano wetu, kona ya mbele kulia iliyo chini kwa milimita 12 inahitaji jumla ya milimita 7 hivi kwenye sahani, wala si 12. Anayesogeza 12 moja kwa moja atajikuta na gari lililolala upande wa pili, naye atasema springi ni mbovu.

Usipite kikomo cha mkandamizo kilichotajwa na mtengenezaji. Springi iliyokandamizwa mno itagusana pindi kwa pindi gurudumu likipanda, na mshindo huo utaishia kwenye vishikizo vya shokapu.

Kwa tosheni baa: tafuta bolti ya kurekebishia mwishoni mwa fimbo, kwenye kipingo cha chesi, upande wa nyuma. Pima kwa rula urefu wa nyuzi zilizojitokeza kila upande, uandike. Inua gari hadi magurudumu yaning'inie, tia mafuta ya kulegezea kutu, subiri, kisha paka grisi. Usizungushe bolti hii gari likiwa limekaa kwa uzito wake, nyuzi hukatika. Zungusha nusu mzunguko au mzunguko mmoja kila upande, shusha, endesha kidogo, upime. Gari likiwa chini, angalia pengo kati ya mkono wa juu na mpira wa kugotea unaozuia gurudumu lisishuke zaidi. Pengo likipungua hadi unene wa kidole kimoja, umepita kiasi, na ule ugumu utakaousikia barabarani hautaondolewa na shokapu yoyote. Iwapo utazitoa fimbo kwa sababu nyingine, usizibadilishane pande. Huwa zimewekewa alama za kushoto na kulia.

Kwa ekseli nzima yenye koili, kimo hurekebishwa kwa spesa chini au juu ya koili, au kwa kubadilisha koili zenyewe. Hakuna nati. Ila ukiinua, angalia fimbo ya kushikilia ekseli, ile inayoizuia kwenda pembeni: ekseli itakuwa imesogea upande mmoja kwa milimita kadhaa, na inarudishwa katikati kwa fimbo inayorefushwa au kwa kishikizo kilichohamishwa.

6. Fahamu kwamba kona nne zinasemezana. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukiinua mguu wa mbele kulia, wa nyuma kushoto hubeba zaidi na kushuka kidogo, na ile miwili mingine hupunguziwa uzito. Kwa sababu hiyo usimalize kona moja ukahamia nyingine. Fanya nusu ya marekebisho, pima zote nne, ndipo uendelee. Kona zikitofautiana kushoto na kulia kwa milimita 5 au chini ya hapo, acha. Dereva akikaa kitini atabadilisha zaidi ya hizo.

7. Rekebisha nyuma. Kwa springi za bapa una njia nne, na hazilingani. Kuongeza bapa moja huinua gari na kuongeza uwezo, lakini huligumisha. Kutoa bapa hufanya kinyume, na ukiitoa umepunguza mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Kuongeza urefu wa shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesi, huinua kwa takribani nusu ya urefu ulioongezwa, kwa hiyo shakeli ndefu zaidi kwa milimita 50 hukupa milimita 25 hivi, na pia huigeuza pembe ya difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli. Bloku kati ya springi na ekseli huinua kwa unene wake wote bila kugusa ugumu wa springi, lakini huongeza nguvu inayoisokota springi wakati wa kuondoka na kufunga breki. Bloku moja tu kila upande. Usipange bloku mbili, na usiweke bloku yoyote kwenye ekseli ya mbele.

Unapofungua, egemeza chesi kwenye stendi na ushikilie ekseli kwa jeki, ili uishushe kwa utaratibu huku ukitazama hosi ya breki, nyaya za vihisi vya magurudumu na mpira wa kupumulia difu. Hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayozishika bapa pamoja katikati, kimeingia kikamilifu kwenye tundu lake. Kikikaa pembeni ekseli itakuwa imepinda na gari litatembea kama kaa. Tumia yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika, na hazishiki kwa nguvu ileile zikikazwa mara ya pili. Zikaze kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo, hadi kipimo kamili.

Kama nyuma kuna mifuko ya hewa ya kusaidia mzigo, usiiendeshe ikiwa haina hewa kabisa. Mtengenezaji hutaja kiwango cha chini. Mifuko miwili iliyounganishwa kwa mpira mmoja husukumiana hewa gari linapokata kona, na gari hulala zaidi. Ipe kila mmoja njia yake.

8. Kaza bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Hili nalirudia kwa sababu ndilo kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko mengine yote. Bushi nyingi za kiwandani ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje, hazizunguki, zinajipinda. Ukizikaza bolti za mikono au za macho ya springi (matundu ya ncha zake) wakati magurudumu yananing'inia, mpira utajishika katika hali hiyo, na ukishusha gari utakuwa umepindwa tangu siku ya kwanza. Ukiitazama bushi ya namna hiyo baada ya miezi michache utaona mpasuko mwembamba kama mwezi mchanga kandokando ya chuma cha ndani, na kabla ya hapo ulikuwa umeshasikia kilio kila unapopita tuta. Aidha, mpira uliopindwa husukuma kama springi ya ziada, hivyo vipimo vyako vya kimo havikuwa vya kweli. Basi legeza, shusha gari, litulize, kaza kwa toki, upime upya.

9. Kagua nafasi na pembe. Ukiwa umegeuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, tazama kama tairi linagusa madigadi, chesi au mkono wa juu. Gurudumu likining'inia, hosi ya breki isivutike. Buti za shafti za mbele, yaani mipira inayofunika viungo vyake, zisikunjamane hadi mikunjo isuguane, maana zitapasuka na grisi itaruka. Pima pembe ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), ya difu na ya gia boksi. Kwa propela ya kipande kimoja yenye krosi, kiungo kinachopindika, moja kila mwisho, uelekeo wa difu na wa shafti inayotoka kwenye gia uwe sambamba kwa tofauti isiyozidi nyuzi moja hivi. Kwa propela yenye krosi pacha upande wa gia, difu ielekezwe moja kwa moja kwenye propela. Kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli ndizo za kurekebishia.

10. Sasa ndipo ushike shokapu. Kama zako hazina vitufe vya kurekebishia, ruka hatua hii. Kama zinavyo, zungusha kila kitufe hadi mwisho upande wa kugumisha, kwa upole, kisha rudi nyuma ukihesabu mibofyo hadi katikati. Hapo ndipo mwanzo wako, na andika namba. Chagua kipande cha barabara chenye tuta, mashimo madogo na matuta mfululizo, ukipite kila mara kwa mwendo uleule. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila safari, mibofyo miwili au mitatu, mbele au nyuma, sio zote.

Anza na udhibiti wa kurudi, yaani jinsi shokapu inavyorefuka baada ya kubonyea. Gari likipita tuta na kuendelea kudundadunda mara ya pili na ya tatu, kurudi ni kwepesi mno, ongeza. Likiwa laini kwenye shimo la kwanza lakini likazidi kuwa gumu na kuzama kadiri matuta yanavyofuatana, kurudi ni kuzito mno: gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta linalofuata. Kisha nenda kwenye udhibiti wa kubonyea. Kokoto na viraka vikigonga hadi kwenye usukani, punguza. Gari likigota kwenye mpira unaozuia gurudumu lisipande zaidi katika tuta la kawaida, ongeza, lakini likiendelea kugota baada ya mibofyo mitano sita, springi ndiyo laini kwa mzigo wako.

11. Peleka gari kupimwa alaimenti, yaani pembe za magurudumu. Kuinua hubadilisha pembe zote, na mwelekeo wa matairi kuingia ndani au kutoka nje ndio unaokula matairi haraka zaidi. Mwambie fundi gari limeinuliwa na umwombe akupe karatasi ya vipimo, hasa vya kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma. Pembe hiyo hupungua gari likiinuliwa, na ikipungua usukani hukosa hamu ya kurudi katikati. Mikono ya kiwandani ikishindwa kufikisha kipimo, mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa huongeza nyuzi chache.

12. Elekeza taa upya. Simamisha gari mita 8 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa na kimo cha mstari wa juu wa mwanga. Tofauti kati ya vimo hivyo viwili ibaki ileile iliyokuwapo kabla ya kuinua. Kuurudisha mstari kwenye alama ya zamani ya ukutani sio sawa, kwa kuwa taa yenyewe imepanda. Gari lenye kamera au rada ya kuzuia ajali nalo linahitaji vifaa hivyo visawazishwe upya.

13. Kaza tena. Baada ya kilomita 100 rudia toki ya yubolti, bolti za mikono na nati za magurudumu, kisha tena zikifika kilomita 800 hivi. Springi mpya zitakuwa zimelala milimita chache kufikia hapo, kwa hiyo pima kimo upya kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Mambo yakienda kombo

Gari linatangatanga na kuhitaji kurekebishwa usukani kila mara. Kwanza tazama kasta kwenye karatasi ya alaimenti, kisha upepo wa matairi, kisha tairodi na bolijointi zilizochoka, yaani viungo vya usukani na vya mikono. Kuinua hakukuzichosha, kumezifichua tu.

Usukani unatetemeka kwa nguvu ukipita kishimo kwa mwendo wa barabara kuu, kwenye gari lenye ekseli nzima mbele. Punguza mwendo mara moja na usiliendeshe hadi chanzo kipatikane. Mtu mmoja ashike usukani na kuuchezesha kushoto na kulia injini ikiwa imewashwa, mwingine atazame bushi na bolti za fimbo ya kushikilia ekseli. Ikicheza hata kidogo, umepata pa kuanzia. Shokapu ya usukani huficha ugonjwa huu bila kuutibu.

Mtetemo unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, hasa wakati wa kuondoka. Ni pembe za propela. Kwa propela ya vipande viwili, tazama bearingi ya katikati. Mara nyingi huhitaji kushushwa kwa spesa baada ya kuinua nyuma.

Mlio wa kugonga kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo. Nafasi ya kushuka imekwisha. Shusha kimo milimita 10 hadi 15, au tafuta shokapu ndefu zaidi zinazolingana na hosi na shafti zako.

Upande wa dereva unarudi kulala kila baada ya wiki chache. Tazama kama sahani ya koilova inajizungusha yenyewe. Ile alama ya rangi uliyoiweka itakujibu. Kama haijasogea, linganisha urefu wa springi mbili zikiwa zimetolewa na kusimamishwa mezani, na kama moja ni fupi, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kilio au mlio wa kukwaruza nyuma. Legeza bolti za macho ya springi na za shakeli gari likiwa chini, lisukume mbele na nyuma, kisha kaza kwa toki. Kilio kikiendelea, tenganisha ncha za bapa kwa bisibisi nene na uangalie kama vibao vya plastiki vilivyo kati yake vimelika. Vikiwa vimelika, chuma kinasuguana na chuma, na grisi itanyamazisha hadi mvua ya kwanza tu.